Mfuniko Unaofunguka

Pale kiwandani hapakuwa na mtu aliyemwita kwa jina alilopewa na wazazi wake. Alikuwa Bi Gundi, na jina hilo alilivaa kama wengine wanavyovaa saa ya bei mbaya, mkono ukiwa mbele kidogo ili kila apitaye aione.

Kiwanda kilitengeneza mashine kubwa za kufulia, zile zinazonunuliwa na madobi, hospitali na mabweni ya shule. Bi Gundi alikaa mwisho wa mstari. Pipa la plastiki lilimfikia likiwa wazi upande wa nyuma, na beringi, kile kiringi cha chuma kinachobeba mzunguko wote, ikiwa imekwisha kutiwa mahali pake. Kazi yake ilikuwa kuzungusha gundi kwenye ukingo, kubandika mfuniko na kuukandamiza mpaka ushikane na pipa kama ngozi na nyama. Alianza kama mfagiaji. Siku moja mfungaji wa mapipa alishikwa na homa, msimamizi akatazama huku na huku, akamwona yeye amesimama na ufagio. Tangu siku hiyo ufagio haukumwona tena. Mkono wake ulikwenda duara zima bila kusita wala kutetemeka, na mapipa yake yalipojazwa maji hayakutoa hata jasho.

"Bi Gundi akikubandika mdomo," wenzake walisema, "utakula kwa macho."

Hata mumewe, aliyekuwa seremala mwenye maneno machache, aliwahi kukiri mbele ya wageni kwamba nyumbani kwao kilichovuja kilikuwa paa tu, kwa sababu alilitengeneza yeye.

Mtu mmoja tu hakuona sifa katika gundi hiyo, naye alikuwa wifi yake. Dada huyo wa mumewe alikuwa dobi, mwenye duka la milango miwili kandokando ya mtaro, na ulimi uliofua watu kuliko mashine zake zilivyofua nguo. Uani kwake zilirundikana mashine zilizokufa, moja juu ya nyingine, mapipa yao yamejaa maji ya mvua na viluwiluwi vya mbu. Bi Gundi alipokwenda kumsalimia, hakukosa kupelekwa huko nyuma kama mtu anayepelekwa kuhani.

"Haya, wifi, wasalimie marehemu wako. Hawa wote umewazika wewe."

"Mimi nimefanya nini? Mashine zangu hazivuji."

"Hazivuji, nani kakataa? Maiti naye hatoki jasho. Kiberingi kidogo kama kikombe cha chai kimekufa humo ndani, fundi wa mtaa amehangaika na patasi mpaka amechoka, hapenyi. Ulivyobana, hata hewa inabisha hodi. Basi kikombe kimekufa, na kabati zima limekwenda nacho."

"Nunua nyingine. Kiwanda nacho kinataka kuishi."

"Kinaishi kwa mgongo wangu," wifi alimaliza, kisha akampakulia chakula, kwa maana ugomvi wao haukuwahi kupita mlango wa jikoni.

Mambo yakaenda hivyo kwa miaka mingi, mpaka asubuhi moja meneja alipowakusanya wafanyakazi wote uwanjani. Alieleza kwamba wateja walikuwa wamechoka kununua mashine kila mara, na kiwanda kilikuwa kimechoka kuwatafuta wateja wapya. Kwa hiyo kiwanda kingeanza kuuza kazi ya kufua. Mashine ingewekwa dukani kwa dobi, ingebaki kuwa mali ya kiwanda, mafundi wa kiwanda wangeitunza, na dobi angelipia kila mzigo wa nguo unaofuliwa.

"Kwa hiyo na sisi tumekuwa madobi?" sauti iliuliza kutoka nyuma.

Uwanja mzima uliangua kicheko. Meneja naye alicheka, akangoja watulie, kisha akasema, "Tumekuwa wenye mashine. Zamani ikifa, msiba ulikuwa wa mteja. Sasa ikifa, imefia mikononi mwetu."

Bi Gundi aliacha kucheka. Neno hilo lilimwingia, ingawa hakujua bado lingemgusa wapi.

Lilimgusa mezani kwake. Wiki hiyo alikuja kijana mmoja mrefu, mhandisi aliyeajiriwa karibuni, ambaye kiwanda kizima kilimwita Injinia hata pale alipojitambulisha vinginevyo. Mkononi alikuwa na mfuniko mpya wenye matundu ya skrubu pembeni na mpira mweusi wa kuzuia maji.

"Mama, huu unafungwa, na siku ya shida unafunguka," alisema kwa adabu. "Beringi ikichakaa tunaitoa, tunaweka nyingine palepale dukani kwa mteja. Pipa halitupwi, chuma hakitupwi. Mashine moja inaweza kufanya kazi iliyokuwa ikifanywa na tatu."

"Mfuniko wa kufunguka ni wa sufuria, mwanangu," Bi Gundi alimjibu.

Injinia alitabasamu, akauacha mfuniko mezani.

Miezi iliyofuata ilikuwa ya wasiwasi. Langoni palikuwa na ubao ulioandikwa idadi ya mashine zilizotoka kila wiki, na idadi hiyo ilianza kushuka. Watu waliutazama ubao ule kama mgonjwa anavyoutazama uso wa daktari. Meneja alijitahidi kuwaeleza kwamba kipimo hicho kimezeeka, kwamba ufanisi wa kiwanda sasa ulipaswa kupimwa kwa mizigo ya nguo ambayo kila mashine inafua huko mitaani, tena kwa maji na chuma kidogo. Walimsikiliza kwa heshima. Lakini mashine iliyopita langoni waliiona kwa macho yao, na shuka iliyofuliwa upande wa pili wa mji hakuna aliyeiona.

Kisha likatoka lile tangazo lililomkosesha Bi Gundi usingizi. Meza ya kufunga mapipa ingepunguzwa watu. Kila mfungaji angejaribiwa kwa mfuniko mpya. Ambaye mapipa yake yangeshika maji angebaki mezani na kuingia katika kikosi cha kuzihudumia mashine huko mitaani, na ambaye yangevuja angepelekwa bohari kubeba maboksi mpaka hapo itakapoonekana kama kuna kazi nyingine. Kila mtu alijua maana ya "mpaka hapo itakapoonekana."

Pipa lake la kwanza lilivuja. Halikumwaga maji, lilitoa tone, likaning'inia kwenye ukingo wa chini, likaanguka, na lingine likaja kushika nafasi yake. Bi Gundi aliona uso unamwaka. Maishani mwake hakuwahi kuona maji yakitoka mahali alipopitisha mkono. Alifungua, akafunga upya, akakaza skrubu kwa mpangilio aliofundishwa. Tone likarudi palepale.

"Usijali, mama," Injinia alisema. "Hata wengine yanawavujia. Ni mikono tu haijazoea."

Angemtukana, isingemuuma hivyo. Mikono yake, haijazoea.

Mfukoni mwa aproni yake kulikuwa na kibomba cha gundi ya zamani, ambacho hata yeye hakukumbuka kukitia humo. Asubuhi ya pili, kabla ya kulaza mpira, alipaka gundi kidogo mahali pale tu palipokuwa pakitoa tone. Ni ya kusaidia mpira, alijiambia. Alifunga, akakaza. Pipa likajazwa maji, likazungushwa mpaka sakafu ikatetemeka, na ukingo wake ukabaki mkavu kama unga. La pili vivyo hivyo. La tatu vivyo hivyo. Wenzake walipiga makofi. Injinia alimshika mkono kwa mikono yake miwili.

"Mmeona?" aliwaambia wengine. "Mfuniko hauna tatizo. Tatizo ni mikono."

Wafungaji wawili walipelekwa bohari wiki hiyo. Mmoja wao alikuwa shoga yake wa siku nyingi, ambaye mchana alikula naye sahani moja. Shoga alikusanya vitu vyake bila lawama. "Wewe una kipaji, mwenzangu," alimwambia. "Mimi nilikuwa najaza nafasi." Bi Gundi akajifanya anafuta meza.

Mashine mpya zikasambazwa mjini. Moja ilikwenda dukani kwa wifi, aliyekuwa wa kwanza mtaani kukubali mpango wa kulipia mzigo. Kwa muda sifa zilikuwa tele. Injinia alipita huko, akamwonyesha wifi kwamba sabuni anayomimina ingetosha kuosha mtaa, na kwamba povu jingi linalizuia pipa kuzunguka na kulazimisha nguo zisuuzwe tena na tena. Wifi alipunguza sabuni kwa shingo upande. Nguo zikatoka vilevile, maji yakapungua, na mtaro wa mbele ukaacha kutoa mapovu kama mdomo wa ng'ombe. Mashine yenyewe aliifanyisha kazi kutwa, maana ikilala hata kiwanda hakipati kitu, na mafundi walikuja kuikagua kabla hajawaita.

Ndivyo ilivyokuwa hadi siku mashine ilipoanza kulia. Ulikuwa mlio wa chuma kusaga chuma, na kila fundi anaujua: beringi. Injinia alifurahi karibu aruke. Hii ndiyo siku aliyoingoja, siku ya kuonyesha kwamba mfuniko unafunguka. Alimchukua Bi Gundi awe msaidizi wake, na njiani hakuacha kuzungumza. Bi Gundi alikumbatia sanduku la vifaa kama mtu aliyebeba mtoto wa mwenzake.

"Karibu, wifi," dobi aliwapokea. "Leo umekuja kufufua au kuzika?"

Injinia alipiga magoti nyuma ya mashine, akatoa skrubu moja moja, akazipanga kwenye kitambaa. Akashika mfuniko kwa pande mbili na kuvuta. Haukujongea. Akavuta tena, akaingiza bisibisi ukingoni, akasukuma kwa goti. Wapi. Jasho lilimtoka, shati likamganda mgongoni. Wateja wawili waliofuata nguo zao walisimama kutazama.

"Huo ndio ule unaofunguka?" wifi aliuliza kwa upole uliokuwa mbaya kuliko kelele.

Injinia alikaa chini sakafuni. Uso wake ulikuwa wa mtoto aliyenyang'anywa kitu. "Ni joto," alisema taratibu. "Maji ya moto yameuyeyusha mpira ukashikana na plastiki. Sikulifikiria hilo. Tulipima kuvuja tu. Kufungua hatukujaribu hata mara moja." Alijipangusa uso. "Basi yote yatashikana. Itabidi nimwambie meneja asimamishe mpango. Turudi kuuza mashine kama zamani."

Bi Gundi alisimama na sanduku lake. Mlango ulikuwa umefunguliwa mbele yake, mpana kabisa: joto. Angenyamaza tu, na hakuna mtu duniani angejua. Angerudi mezani, gundi ingerudi, jina lake lingerudi na heshima zake zote. Aliwaza hivyo kwa muda wa pumzi mbili tatu. Kisha akamtazama kijana yule pale chini, anayejilaumu kwa kosa lisilo lake, na akawaona pia wale wawili wa bohari na mgongo wa shoga yake akiondoka na kifurushi.

"Si joto," alisema. "Ni mimi."

"Mama?"

"Nilitia gundi chini ya mpira. Kila pipa nililofunga. Hilo na mengine yote."

Injinia aliinuka, akatoka nje, akasimama kando ya mtaro akiwa amewapa mgongo. Alikaa huko muda mrefu kiasi kwamba Bi Gundi alianza kufunga sanduku, akijua kwamba kazi imekwisha, ya leo na ya siku zote.

Aliporudi, sauti yake ilikuwa ya chini. "Nimekuamini mbele za watu," alisema. "Watu wamepoteza kazi kwa sababu yangu na yako."

"Najua, mwanangu."

"Tufungue kwanza. Lawama zitafuata."

Sasa Bi Gundi aliyefunga ndiye aliyetakiwa kufungua, na hakujua aanzie wapi. Miaka yote hiyo hakuwahi kuufikiria mfuniko kwa upande huo. Injinia alileta maji ya moto kulainisha. Kisu kilikuwa kinene mno. Wifi aliyekuwa amekunja mikono akaenda kaunta, akarudi na uzi wa nailoni anaofungia vibandiko vya majina kwenye mafurushi ya nguo.

"Huu unakata hata vidole vyangu," alisema. "Jaribuni, kabla hamjanivunjia mashine."

Waliupitisha uzi chini ya ukingo, Bi Gundi akashika ncha moja na Injinia nyingine, wakavuta huku na huku kama wapasua mbao. Uzi ulikatika, wakatia mwingine. Mwishowe kitu kilitoa mlio mdogo wa kubanduka, na mfuniko ukaangukia mapajani mwa Injinia, maji yakamlowesha. Hakuonekana kuyahisi. Alikuwa anatazama mpira.

"Gundi iko hapa tu," alisema. "Kipande hiki. Kwa nini hukupaka duara zima?"

"Huko kwingine hakukuwa na shida. Tone lilikuwa linatokea hapo."

"Katika pipa hili?"

"Katika yote."

"Palepale?"

"Palepale. Karibu na tundu la kuingizia maji."

Injinia alichomoa rula mfukoni, akailaza kwenye ukingo wa pipa, akainamisha kichwa mpaka sikio likagusa plastiki. Chini ya rula, mahali pale, mwanga ulipenya. Palikuwa na bonde, jembamba kama ukucha. Akaanza kucheka, kicheko cha mtu aliyechoka.

"Ni kalibu," alisema. "Chuma tunachomwagia plastiki ipate umbo la pipa. Kimebonyea hapa, kwa hiyo kila pipa linazaliwa na bonde. Tulipokuwa tunajaza gundi, bonde lilijazwa na hakuna aliyeliona. Mimi nikasema ni mikono ya watu. Na wewe ukanithibitishia."

"Kwa hiyo mna makosa nyote wawili," wifi alisema. "Vizuri, mgawane. Mashine yangu itaimba tena lini?"

Beringi mpya iliingia kabla maji ya chai hayajachemka. Bonde walilijaza kwa kipande cha mpira kilichokatwa kwa mkasi, kwa muda, mpaka kalibu itengenezwe.

Meneja hakucheka. Alimsikiliza Bi Gundi akiwa amesimama mbele ya meza yake, akamsikiliza Injinia vilevile, na uamuzi wake ulikuwa wa haki, kila mmoja akiwa na lake la kumeza. Injinia aliomba radhi kwa wafungaji mbele ya kiwanda kizima. Wale wawili walirudishwa kutoka bohari. Bi Gundi aliondolewa kwenye meza ya kufunga, na akapewa kazi ya kuzunguka mjini kufungua kila pipa alilolitia gundi, bila kuvunja hata moja.

Siku ya kumkabili shoga yake ilikuwa nzito kuliko siku ya meneja. Alimkuta amekaa kwenye meza ya kufunga, mahali palipokuwa pa Bi Gundi mwenyewe.

"Nilikuonea," Bi Gundi alisema.

Shoga aliendelea kukaza skrubu. "Mgongo bado unaniuma kwa yale maboksi."

"Najua."

"Hujui. Utakapokwisha kuinama nyuma ya mashine zote hizo, ndipo utajua." Kisha akasogea kwenye benchi, kidogo tu, nafasi ya mtu mmoja kukalia nusu. "Mchana huu umeleta nini?"

Kazi hiyo ya kufungua ikawa ndiyo maisha yake. Alibeba mfuko wa vifaa, akaingia vyumba vya kufulia ambavyo mashine zake zilikuwa zimeishi miaka yote bila yeye kuviona: mabweni yenye joto la mvuke, nyua za nyuma za nyumba za wageni, vibanda vya madobi ambamo mtu hageuki bila kugusa ukuta. Mwanzoni kila mfuniko ulimchukua nusu ya siku na vidole vyake vilikatwakatwa na uzi. Baadaye mikono ilijifunza. Aliona mambo ambayo mezani hakuyaona: mashine iliyowekwa sakafu isiyo sawa hula beringi upesi, na chujio lililoziba huifanya inywe maji mara mbili. Aliyarudisha kiwandani kwa mdomo, Injinia akayachora, na mabadiliko madogo yakaanza kuonekana kwenye mapipa mapya. Si yote yalifaulu. Kuna mguu wa chuma walioubuni pamoja ambao ulianguka siku ya kwanza, na Injinia akaficha mchoro wake.

Si kila mtu alipona. Wapo waliokuwa wakiunda makabati ya mashine mpya ambao hawakupata nafasi tena, kwa kuwa mashine chache zilihitajika, na hao hakuna maneno ya kuwafuta machozi. Lakini karakana ya kufufulia mashine za zamani ilifunguliwa, ikachukua baadhi yao, na marehemu wa uani wa mji mzima wakaanza kubebwa kurudi nyumbani.

Pipa la mwisho katika yale yake lilikuwa hospitalini, katika chumba cha chini ambako shuka za wodi zote hufuliwa. Msimamizi wa ufuaji, mwanamke mnene mwenye haraka, alimwonyesha mashine kwa kidole.

"Fundi, isilale hiyo. Juu huko kuna wazazi wanangoja shuka."

"Hailali, dada. Naipapasa tu."

Alipiga magoti. Alitoa skrubu, akamwaga maji ya moto ukingoni, akangoja, akapitisha uzi. Alivuta taratibu bila kutumia nguvu, akisikiliza. Mfuniko ulibanduka mzima. Akaufuta ukingo mpaka gundi yake yote ikaisha, akajaza bonde, akalaza mpira mpya na kufunga. Kisha akafanya jambo ambalo sasa kila mfungaji kiwandani hulifanya kabla pipa halijaondoka: alifungua tena alichokifunga, kuhakikisha kwamba kinafunguka, na akakifunga mara ya pili.

Msimamizi alikuwa amesimama mlangoni na lundo la shuka kifuani. "Mbona umefungua tena? Ulikosea?"

"Hapana," Bi Gundi alisema huku akiinuka kwa kushika kiuno. "Kuna fundi mwingine atakuja siku moja. Lete shuka."

Mashine ilichukua maji, ikanguruma kidogo, ikaanza kuzunguka.